Waya niliouacha pini namba tatu: kisima cha Bi Mwanakombo, Tiwi

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wakubwa shikamooni, na walio wadogo kwangu hamjambo.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta zaidi ya mara nne. Leo naupost hivyo hivyo ulivyo, hata kama umepinda. Yaliyomo yamenitokea mimi mwenyewe. Hata majina sijabadilisha, na mkifika mwisho mtaona ni kwa nini.

Kilichonisukuma ni hiki. Wiki jana kuna mwanachama aliuliza kwenye jukwaa la mafundi: ametengeneza timer ya 555, anataka ichelewe karibu saa mbili, afanyeje?

Wakuu wakamjibu vizuri tu. Weka counter. Tumia 4017, au 4060, hizo chip za kuhesabu.

Jibu ni sahihi kabisa. Nami nikaanza kuandika langu, nikafika sentensi ya pili vidole vikagoma. Counter mimi naijua. Iliniharibia kitu ambacho hadi leo sijaweza kukilipa.

Basi tulieni.

Mimi ni mtu wa bara, Machakos. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa maintenance kwenye hoteli moja kule Diani. Balbu, AC, pampu za swimming pool, na kuitwa haraka kila nikishika sahani ya chakula. Electronics sikuwa nimesomea. Nilikuwa najua stima ya nyumba tu, ile ya waya mwekundu na mweusi.

Nilikuwa nimepanga chumba Tiwi, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kidigo, Bi Mwanakombo. Mjane, miaka sitini na kitu, mwembamba, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kwa utani. Siku ya kwanza nilimwambia, "Habari yako mama." Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Kwani huko kwenu shikamoo imekwisha? Tukupimie kidogo uwapelekee?"

Tangu siku hiyo shikamoo sikuisahau.

Uani kwake kulikuwa na kisima. Alikichimba marehemu mumewe, Mzee Bakari, kwa mikono yake, kwenye mwamba wa matumbawe. Kabla hajafa aliacha usia: maji yasiuzwe, na asinyimwe mtu. Ni sadaka.

Kwa sisi tusio Waislamu, yeye alinieleza hivi. Mtu akifa, matendo yake yamekatika. Lakini akiacha kitu ambacho watu wanaendelea kufaidika nacho, thawabu zinamfuata huko huko alikolala. Kila mtu akinywa, mwenye kisima anaandikiwa.

Kwa hiyo kila ndoo iliyotoka pale, kwa Bi Mwanakombo ilikuwa ni kama kumpelekea mumewe chakula.

Hilo lishikeni wakuu. Bila hilo huu uzi utaonekana ni wa pampu.

Sasa, pale bahari iko karibu. Visima vingi vya majirani vilikuwa na maji ya chumvi chumvi, ya kufulia na kuoshea vyombo. Hiki kilikuwa kitamu. Watu walitoka hadi ng'ambo ya barabara kuja kuteka maji ya kunywa.

Bi Mwanakombo alisema maji matamu yako juu na ya chumvi yako chini yake, kama tui zito linavyokaa juu. Ukiteka kwa pupa, ya chini yanapanda. Kwa hiyo kisima kilikuwa na ratiba. Ndoo thelathini asubuhi, thelathini baada ya adhuhuri, thelathini baada ya alasiri. Kila ndoo ikitoka, kijiwe kimoja kinatiwa ndani ya kifuu cha nazi. Vikitimia thelathini, mfuniko unarudi, hata kama kuna mtu amesimama na ndoo kichwani.

Siku moja, ilikuwa Jumapili sikuenda kazini, mbuzi wa jirani akapita pale akakipiga kifuu teke. Vijiwe vyote puu, mchangani.

Wanawake wakaanza kubishana. Huyu anasema tulikuwa kumi na mbili, yule anasema kumi na saba. Bi Mwanakombo hakubishana na mtu. Alichukua mfuniko akafunika.

Jirani mwenye mbuzi, Bi Saumu, ndiye aliyekuwa na zamu inayofuata. Akawaka. "Yaani leo nikose maji kwa sababu ya mbuzi?"

"Mbuzi ni wako shoga yangu. Kamuulize yeye zilikuwa ngapi."

Watu wakacheka, wakaondoka na ndoo tupu. Hata Bi Saumu alicheka, kwa shingo upande.

Mimi nikamuuliza, Bi, si ungehesabu tu ni kumi na mbili mambo yakaendelea? Maneno aliyonijibu nayakumbuka yote.

"Kwenye sala ukitia shaka umeswali rakaa ngapi, unashika idadi ndogo, unaongeza. Kwenye kisima ni kinyume. Ukipoteza hesabu, chukulia umeshamaliza. Kipumzike."

Nikacheka mimi. Moyoni nikasema, huu si ushamba huu.

Haya, turudi kwenye chips.

Mgeni mmoja pale hotelini aliondoka akaacha kitabu chumbani, cha Kiingereza, electronics kwa wanaoanza. Mtu wa usafi akaniletea, akijua napenda vitu hivyo. Wakuu, nilikisoma kile kitabu hadi jalada likatoka. Nikaenda Mombasa kwenye duka la spea za redio nikanunua 555 mbili na 4017 mbili. Nilirudi nimezishika mkononi, nikiogopa kuzitia mfukoni miguu isije ikapinda.

Kwa wasiojua, niwaeleze kwa ufupi.

555 ni kidude kinachopiga pulse. Ti, ti, ti. Unakipangia kila baada ya muda gani kwa resistor, inayopunguza stima, na capacitor, inayoihifadhi. Shida ni kwamba ukitaka ichelewe sana unahitaji capacitor kubwa, na zile kubwa zinavuja chaji. Leo inachelewa dakika arobaini, kesho sitini, keshokutwa haipigi kabisa.

Ndipo inakuja counter. Unaiacha 555 ipige kila dakika moja, kazi ambayo haiishindi, halafu 4017 inakaa pembeni inahesabu. Ina miguu kumi ya kutoa, inawaka kwa zamu: sifuri, moja, mbili, hadi tisa. Ikimaliza kumi inatoa pulse moja kwenda kwa mwenzake. Kwa hiyo 4017 ya pili inasogea hatua moja kila dakika kumi. Mzunguko wake mzima ni dakika mia.

Pulse ya dakika moja umeichelewesha ikawa ya dakika mia, na hujatumia capacitor kubwa hata moja. Mara ya kwanza ilipofanya kazi mezani kwangu, na taa ndogo zinahama moja baada ya nyingine, nilipiga kelele nikamwamsha Bi Mwanakombo usingizi wake wa mchana.

Akaja kuona. Akatazama zile taa. "Inahesabu?"

"Inahesabu Bi."

"Kama vijiwe vyangu?"

Nikamwambia kushinda vijiwe vyako, kwa sababu hii haina mbuzi.

Nilijiona mjanja sana kwa jibu hilo.

Wakati huo bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Kuvuta kamba asubuhi, mchana, jioni, miaka yote hiyo. Majirani walijitekea wenyewe, lakini wazee na wagonjwa yeye ndiye aliyewatekea, hakukubali vinginevyo. Usiku nilikuwa namsikia akijisugua mafuta na kuguna.

Hotelini kulikuwa na pampu ndogo ya bustani iliyotupwa. Nikaomba, nikapewa, nikaifufua. Nyumba ya Bi Mwanakombo ilikuwa kati ya chache zenye stima, kwa sababu waya wa kwenda kwenye cottages za ufuoni ulipita mbele yake. Nikapanga mapipa matatu juu ya matofali, nikaweka bomba la kufungulia chini.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri, nakwambieni. Pampu ilikuwa dhaifu, dakika kumi inatoa ndoo sita. Ikifanya kazi dakika kumi na kupumzika tisini, mchana na usiku, zinakuwa ndoo themanini na kitu kwa siku. Karibu sawa na tisini zake. Tena kisima kinapumzika mara nyingi zaidi.

Najua kuna mtu anaandika saa hii: kwa nini hukuweka floti ya tangi la choo, maji yakijaa pampu inazima? Ndiyo mkuu. Ningeweka floti na mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa nimejifunza counter, na nilitaka kutumia counter. Mtu akishajifunza kutumia nyundo ndogo hulala akitafuta misumari.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Ile 4017 ya pili, mguu mmoja kati ya kumi ndio unaowasha relay, swichi inayojibonyeza kwa stima, na relay ndiyo inawasha pampu. Unachagua mguu unaoutaka. Mwanzoni niliunga ule wa mwisho, wa tisa, ambao ni pini namba kumi na moja. Maana yake stima ikirudi baada ya kukatika, counter inaanza sifuri, kisima kinapumzika kwanza dakika tisini, ndipo pampu inakuja. Na niliiwekea reset nzuri kabisa, ile ya capacitor ndogo pini kumi na tano, ili ikiwashwa ianzie sifuri na si popote.

Niliunga vizuri, wakuu. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimeunga vizuri.

Ijumaa moja Bi Mwanakombo akawaalika majirani waje waone. Akapika mahamri. Watu walitoka msikitini wakapitia pale, na wanawake wamejaa uani. Mimi tangu asubuhi nilikuwa nimewaza: nikibonyeza swichi, watu wote watasimama dakika tisini wakitazama sanduku la mashine? Nitaonekana mpumbavu.

Nikafungua sanduku asubuhi ile ile, kabla hawajafika, nikauhamisha waya. Kutoka pini kumi na moja hadi pini tatu, ambayo ndiyo sifuri. Kazi ya dakika mbili. Kwamba ikiwashwa tu, maji yatoke papo hapo watu washangae.

Na walishangaa. Nilibonyeza, relay ikalia ta, pampu ikanguruma, maji yakaanza kuanguka kwenye pipa. Vigelegele. Kadhi hangepokelewa vile. Mzee mmoja akanipa mkono akaniombea dua. Bi Saumu mwenyewe akasema, "Huyu mbara ana akili jamani, tumwoze."

Nikajiambia nitaurudisha waya kesho.

Kesho nikaenda kazini. Keshokutwa nikasema mashine inafanya kazi, ya nini kuifungua? Nikatia kufuli sandukuni, ufunguo nikauweka kwenye pete pamoja na wa chumba changu.

Na nikampa Bi Mwanakombo maagizo. Nilimwambia, hata kama itakuwaje usizime swichi kubwa ya ukutani, kwa sababu ukizima mashine itasahau hesabu na kuanza upya.

Yaani nilijua inasahau. Nilisema kwa mdomo wangu.

Mwezi mzima mambo yalikuwa mazuri. Bega lilipata nafuu. Kifuu na vijiwe vyake akaviweka dirishani.

Halafu ukaja msimu wa wageni wachache. Hoteli ikatupa likizo, nikaenda Machakos wiki mbili kumwona mama yangu. Mvua za masika zikaanza nikiwa huko. Mnajua stima ya pwani wakati wa masika. Inakatika, inarudi, inakatika, inarudi, unaweza kudhani kuna mtu anachezea swichi.

Nadhani mmeshaona.

Kila ikirudi, counter inaanza sifuri. Na sifuri ni pampu. Dakika kumi. Ikikatika ikarudi tena, dakika kumi nyingine. Zile tisini za kupumzika hazikufika hata mara moja. Chip haikukosea hata kidogo, ilifanya nilichoiambia.

Mapipa yalijaa yakafurika. Bi Mwanakombo alikuja kunieleza baadaye, bila hata kunilaumu, kwamba maji yalimwagika hadi uani pakawa dimbwi na bata wa Bi Saumu wakaja kuogelea. Alisikia pampu inanguruma kupita kiasi. Alikaa kwenye mkeka akiitazama swichi kubwa ukutani, mara nyingi, akitaka kuizima.

"Lakini uliniambia nisiguse, mwanangu. Nikasema mwenye elimu yake anajua."

Alimtuma mtu hotelini kuniuliza. Akaambiwa niko bara.

Niliporudi ilikuwa adhuhuri. Alinikaribisha chai kama kawaida. Nikapiga funda la kwanza.

Chai ilikuwa na sukari, na tangawizi, na chini yake chumvi.

Naye akawa anakunywa yake polepole akitazama pembeni. Nikaweka kikombe nikaenda kwenye sanduku, nikafungua kufuli. Waya ulikuwa pini tatu.

Akaja akasimama nyuma yangu.

"Fundi. Hii mashine yako, ikipoteza hesabu, inafanya nini? Inateka au inapumzika?"

Ningeweza kumdanganya. Mambo ya chips angeyajulia wapi? Lakini nilishindwa.

"Inateka, Bi."

"Haya," akasema. Akaingia ndani.

Ile "haya" bado naisikia.

Nikazima, nikang'oa pampu siku hiyo hiyo. Akafunika kisima, akakipumzisha. Kila Ijumaa alikuwa anateka kata moja, anaonja, anatema, anafunika. Nilikuwa nachungulia dirishani kwangu nimwone uso. Siku arubaini zikapita. Miezi ikapita. Chumvi ilipungua kidogo, lakini utamu haukurudi, na watu wakaacha kuja.

Na hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa. Waya ni kosa la ujinga na sifa. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili timamu.

Majirani walitaka kujua kisima kimeingiwa na nini. Bi Saumu ndiye aliyeanza. Alisema uani pale pale, mbele ya watu, kwamba sadaka ya marehemu imetiwa tamaa. Pampu ya nini, mapipa ya nini, kama si kutaka kuuza maji? Mungu amekichukua chake. Wengine wakaguna kukubali.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Bi Mwanakombo akageuka akanitazama. Mara moja tu.

Nilitakiwa kusema sentensi moja. "Si yeye, ni mimi." Maneno manne, na Kiswahili nilikuwa nakijua.

Sikusema. Wakuu, miaka ile mtu wa bara kule alikuwa anatazamwa kwa jicho lingine, na niliogopa. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kuitwa aliyekuja kuharibu vya wenyeji. Lakini nisijifiche sana kwenye hofu. Aibu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Walikuwa wamenipigia vigelegele pale pale.

Akaona sisemi. Akawageukia.

"Kisima kimezeeka, jamani. Mbona hata mimi nimezeeka na hamjasema nimeingiwa na tamaa?"

Wengine wakacheka. Bi Saumu hakucheka.

Jioni nilienda kumwomba msamaha. Akaniambia, "Wewe mgeni hapa, maneno hayo yatakutoa mji. Mimi mwenyeji, nimeshayazoea." Halafu akaniuliza kitu, na alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayemuuliza daktari.

"Wewe umesoma vitabu. Unadhani Bakari, thawabu zake zimekatika?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mambo ya dini yenu mimi siyajui, Bi."

Mungu anisamehe. Mama wa watu ananiuliza jambo kama lile, nami namjibu kama karani wa dirishani.

Baada ya hapo akaanza utaratibu mpya. Asubuhi baada ya sala ya alfajiri anachukua ndoo, anavuka barabara, anakwenda mbali hadi kisima cha msikitini ambacho maji yake ni matamu, anarudi nayo. Anajaza mtungi ulioko nje ya mlango wake, juu anaweka kata. Apitaye na kiu anywe. Ndoo moja, kila siku, kwa bega lile lile.

Nilimwambia nitamchotea mimi. Akakataa. Alisema ndoo hiyo lazima itoke mkononi mwake, ni ya mumewe.

Na kifuu kilirudi kazini. Kila mtu akinywa, kijiwe.

Sikuweza kukaa pale. Nilipata kazi nyingine Msambweni nikahama, nikasema nitakuwa nakuja kumwona. Nilienda mara chache, halafu mara chache zaidi. Mnajua inavyokuwa mtu akikimbia kitu.

Alifariki miaka kadhaa baadaye. Bintiye Riziki ndiye aliyenitumia habari. Nilienda kwenye hitima. Mtungi ulikuwa pale nje, umejaa, na Riziki akaniambia mama yake hakukosa hata siku moja hadi wiki aliyolazwa. Akaniambia mama alikuwa ananitaja kwa wema, alisema fundi alimpumzisha bega lake mwezi mzima.

Nilipokuwa navaa viatu niondoke, Bi Saumu alinifuata. Amezeeka naye. Akanipa pole, tukamsema vizuri marehemu, mkarimu, mcheshi. Halafu akatikisa kichwa akasema kwa sauti ya chini, "Mtu mwema sana. Ila ile tamaa ya kuuza maji, Mungu amsamehe."

Mnadhani nilisema?

Nilifunga kamba za viatu. Nikaondoka.

Huo ndio ukweli wangu. Siku hizi nina kijiduka changu cha ufundi Ukunda, natengeneza vifaa, na nawafundisha wanaoanza. Counter natumia bado, ni kitu kizuri. Ila kila mtu anayejifunza kwangu, kabla hajashika waya wa kwanza, namuuliza swali la Bi Mwanakombo: hii ikipoteza hesabu, itafanya nini? Kama hajui kujibu, haungi kitu.

Na wewe mwanachama uliyeuliza wiki jana, hilo ndilo jibu langu. Weka counter, ndiyo. Weka reset. Halafu angalia sifuri yako imeunganishwa na nini, na ujiulize stima ikikatika mara ishirini kwa siku itakuwaje. Na kama floti inatosha, weka floti.

Kilichobaki si cha electronics.

Bi Saumu yuko hai. Nimefika stage ya Tiwi mara mbili mwaka huu, nia yangu ikiwa kwenda kumwambia, na mara zote mbili nilivuka barabara nikapanda gari la kurudi. Ndiyo maana nimeandika hapa kwa majina yao. Tiwi si kubwa. Kuna mtu humu ana shangazi pale, ana mke pale. Uzi huu ukishafika kwake, nitakuwa sina tena pa kurudi, itabidi niende nimalizie kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo comments karibuni. Mafundi mnisahihishe kwenye circuit mkiona nimekosea, wenye kunitukana mtukane, nimejiandaa. Wenye elimu ya dini, lile swali lake la thawabu naomba mnijibu, maana mimi nilishindwa.

Na kama wewe ni wa Tiwi, nisaidie kabla hujacomment. Nenda kwa Bi Saumu, mwamkie vizuri, umwambie Bi Mwanakombo hakutaka kuuza hata kata moja. Si yeye. Ni mimi.